Kushawishi na Kukanya

Mkomani, Amu
22 Mfungo Tatu

Kaka yangu Faiz,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu nakujulia hali wewe, mkeo Aliya na watoto. Mara ya mwisho tuliposemezana yule mdogo alikuwa na kikohozi; nataraji kimemwacha. Mimi afya ninayo. Nilikuwa nimeshaandika "sisi huku hatujambo" kama tulivyozoeshwa, kisha nikaifuta hiyo "sisi", maana katika nyumba hii sasa nimebaki peke yangu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Simu ungeikata kabla sijafika nusu, au ningeikata mimi. Karatasi haikatiki. Nimempa barua hii Khatib, mwana wa Bi Shifa wa nyumba ya pili, anayesafiri kuja Mombasa Jumamosi, nami nimemwomba aitie mkononi mwako wewe mwenyewe. Tafadhali isome mpaka mwisho, hata ukifika pahali ukataka kuichana.

Khabari ya kwanza unayo. Shangazi Barka alitutoka Faza, Jumatatu ya pili ya mwezi huu, baada ya sala ya alasiri, na Jumanne asubuhi akazikwa. Nilikupigia, ukanijibu maneno mawili tu: "Mzikeni nyinyi." Tukamzika. Jeneza lilichukuliwa na mashemeji zake na majirani wa Faza. Kwa upande wetu hapakuwa na mwanamume hata mmoja wa kumshusha kaburini. Bi Mwana, wifi yake, aliniuliza uko wapi, nikamjibu kwamba huko bandarini hawakukupa ruhusa. Huo nao ni uongo wangu. Uweke pamoja na mwingine utakaoukuta humu.

Nitakueleza alivyougua na alivyokufa, lakini lazima nirudi nyuma kidogo. Mengine unayajua. Vumilia uyasome tena, kwa sababu uliyajua kwa upande mmoja.

Mwaka wa mwisho wa mdogo wetu Razan nyumbani hukuuona, ulikuwa umeshahamia huko. Mtihani wa kidato cha nne ulipomwendea kombo alikaa miezi miwili hana neno, ananyoosha nguo na kuzikunja upya. Kisha siku moja akanunua karai na mafuta, akaanza kukaanga kachri za muhogo na bajia, akawa anauza kwenye lango la shule ninayofundisha. Hakuniomba ruhusa, na ruhusa ya nini? Wanafunzi wangu wa darasa la tatu walimpenda. Walikuwa wakirudi darasani na vidole vya mafuta wakiniambia kwa furaha, ticha, dadako ameniongeza moja. Alikuwa mchangamfu tena. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na alijua jina la kila mtoto wa shule ile.

Hapo ndipo alipokuja yule mwanamke wa wakala, akikusanya wasichana wa kwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili. Razan akajiandikisha. Ramadhani ile Shangazi alipanda boti kutoka Faza kuja Amu mara tatu, na saumu yake na maradhi yake ya sukari, akafungiana na Razan chumbani wakazungumza. Mara tatu, hilo ni kweli, nawe ulilisoma kwa macho yako. Mfungo Mosi, sikukuu ilipokwisha, Razan aliondoka. Mfungo Nane tukapigiwa simu kwamba ameanguka kutoka ghorofa ya tatu akianika mazulia, na kwamba hakuna wa kulaumiwa.

Siku alipowasili sina haja ya kukusimulia, kwa kuwa sanduku ulilipokea wewe uwanja wa ndege wa Manda, ukakaa nalo kwenye boti mkono wako juu ya kifuniko hadi gati ya Amu. Ulikuta jina lake limeandikwa vibaya ukaomba kalamu ulisahihishe. Usiyoyajua ni ya ndani, ya chumba cha kuoshea. Tuliambiwa tusifungue. Shangazi akasema aliyemwosha siku alipozaliwa, mama yetu akiwa anakata roho chumba cha pili, ni yeye, na atakayemwosha leo ni yeye. Mimi nilishika kata ya maji. Mikono ya Razan, Faiz, ilikuwa imebabuka kwa dawa za kusafishia hadi viwikoni, kucha mbili hazipo, na mgongoni palikuwa na alama za zamani ambazo mtu hazipati kwa kuanguka. Shangazi alimwosha polepole, kila kidole peke yake. Tulipomaliza alinishika bega akaniambia nisikwambie, kwani utakwenda ukaue mtu. Basi nimekwambia.

Baada ya mazishi ulisimama ukumbini ukaapa kwamba aliyemtia Razan maneno ya kwenda, awe nani, utamfikisha mbele ya sheria, na mbele ya Mungu utamshika. Watu wote waliitikia amin. Nami niliitikia.

Ukapeleka malalamiko kituoni. Mpelelezi aliyepewa faili ni kijana wa bara, Bwana Ryan, mpole, mwenye adabu. Alianza na yule mwanamke wa wakala, akakuta simu yake imefungwa na ofisi imegeuka duka la vipodozi. Akaanza kuwaita jamaa mmoja mmoja kuandikisha maelezo. Shangazi alipokaa mbele yake na kufungua kinywa, kijana yule akashika kichwa. Kiswahili chake yeye ni cha bara, na Shangazi alikuwa na Kiamu chake kile cha zamani, akilia huku akisema, na maneno mawili katika matatu yalimpita. Maelezo yenyewe huandikwa kwa Kiingereza. Akauliza kama kuna mtu wa nyumbani anayejua lugha zote mbili. Shangazi akanionyesha mimi, kwa fahari, akasema mwanangu ni mwalimu. Nikapewa kalamu na karatasi.

Niliyoyaandika uliyasoma. Wewe kama mlalamikaji ulionyeshwa, ukaipiga picha ile sentensi, ukaituma kwenye kundi la familia kwenye simu: "I persuaded Razan three times about going abroad. I used sweet words." Nilimshawishi Razan mara tatu kuhusu kwenda ng'ambo. Nilitumia maneno matamu. Na chini yake dole gumba la Shangazi. Chini ya picha ukaandika kwamba tangu leo huna shangazi. Watu kumi na wanane wakajibu kwa kumlaani, mmoja baada ya mwingine. Mwanamke aliyetulea sote watatu.

Walimkamata siku ya tisa baada ya maelezo yale, kwa shtaka la kusaidia kusafirisha mtu kwa ajili ya unyonyaji. Alikaa rumande siku kumi na tisa, mtu wa miaka sitini na tatu anayechomwa sindano ya sukari kila siku, hadi mashemeji zake walipoweka hati ya nyumba mahakamani akaachiliwa kwa dhamana. Kidonda cha mguu kilianzia huko. Alitoka nacho kidogo kama tunda la kunazi, na mpaka Ramadhani kikawa kimekula kisigino.

Siku ya dhamana nilikuwapo mahakamani. Mwendesha mashtaka aliisoma ile sentensi, na karani wa mahakama akaifasiri kwa sauti ya juu: nilimshawishi mara tatu. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa. Aliposikia hivyo akakiinua, akatazama huku na huku mpaka aliponipata kwenye benchi la nyuma. Alinitazama kwa muda mrefu. Hakimu akamuuliza kama hayo ndiyo maelezo yake na kama ana la kusema. Nilidhani atapiga kelele. Akasema, "Alioandika ni mwanangu. Siwezi kumkadhibisha." Hakimu akamwonya kwamba maneno yake yanaweza kumdhuru. Akasema amesikia, akakaa.

Wewe ulipopata khabari hiyo ukasema, kwenye kundi lile lile, kwamba amekiri mwenyewe.

Alirudi Faza, na huko Faza hakuwa na wa kumpokea ila Bi Mwana. Wanawake aliokuwa akikaa nao msibani na arusini walihama upande akija. Ramadhani yote alifuturu na wifi yake peke yao, sinia moja, watu wawili. Fawaz wa dukani alikuwa akimpimia unga na majani ya chai bila kumwitikia salamu. Mfungo Pili hospitali ikasema mguu ukatwe. Akakataa, akasema anataka kuzikwa mzima. Shule ilipofungwa nikaenda kumuuguza, nikakaa naye siku kumi na mbili, za mwisho.

Sasa, kaka yangu, nimefika mahali nilipokuwa nikipazunguka tangu mstari wa kwanza.

Shangazi hakumshawishi Razan. Siku ile kituoni alichokisema, neno kwa neno, kwa maana nikilala nakisikia, ni hiki: "Nalimkanya mara tatu, kwa maneno matamu. Nalimwambia ndia hiyo usiishike, mwanangu, nti ya watu haina mama." Alimkanya. Alitoka Faza mara tatu na saumu yake kumwomba asiende. Mara ya tatu alimpigia magoti, mtoto aliyemlea kwa chupa.

Nikatafuta Kiingereza cha kukanya. Mpelelezi alikuwa akinitazama, nami nilitaka aone kwamba wa Amu pia wamesoma. "Nilimwambia asiende" niliiona sentensi ya darasa la tatu. "Nilimwonya" niliiona kali, na yeye alisema maneno matamu. Nikakumbuka kutoka chuoni kwamba yako maneno mawili yanayokwenda pamoja kama pacha, "persuade" na "dissuade", na kwamba yote mawili ni ya kusema na mtu kwa upole kuhusu jambo. Nikachukua moja. Sikujua kwamba kuna la kuchagua. Bwana Ryan aliposoma aliniuliza, kwa hiyo alimshawishi? Nikasikia kama ananiuliza alisema naye, nikajibu ndiyo. Nikamsomea Shangazi kwa Kiamu yale aliyokuwa ameyasema yeye, siyo niliyokuwa nimeyaandika mimi, akatia dole gumba kwa moyo mkunjufu.

Siku aliyokamatwa nilikwenda chumba cha walimu nikafungua kamusi. Maneno yale yana mzizi mmoja. Asili yake ni neno la Kilatini la kumpa mtu shauri, kumvuta kwa maneno. Ukilivika kichwa kimoja, "per", shauri linampeleka mtu mbele mpaka akubali kulitenda jambo. Ukilivika kichwa cha pili, "dis", shauri lile lile linamrudisha nyuma aliache. Moja ni kushawishi, la pili ni kukanya. Nilisoma mara nne. Watoto walikuwa uwanjani wakipiga kelele za mapumziko. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, kituo kiko mwendo wa dakika saba kutoka shuleni, na Shangazi alikuwa hajalala hata usiku mmoja rumande.

Kama barua hii ingeishia hapo, Faiz, ningekuwa na udhuru. Ungeniita mjinga, ukanisamehe. Ujinga una msamaha wake. Lakini sikwenda kituoni. Sikwenda siku ile, wala ya pili, wala katika siku zote kumi na tisa. Nilifunga kamusi nikairudisha kabatini nikapiga kengele ya somo.

Sikwenda kwa sababu nilijua swali litakalofuata. Ikiwa Shangazi alimkanya, basi nani aliyemshawishi?

Mimi.

Yule mwanamke wa wakala alikuwa mwenzangu wa chuoni. Aliyempeleka nyumbani ni mimi. Razan hakutaka. Alisema kachri zake zinamtosha na kwamba watoto watamkosa. Na mimi niliona haya, kaka yangu. Hiyo ndiyo sababu yote, natamani ningekuwa na kubwa kuliko hiyo. Niliona haya kwamba kila asubuhi walimu wenzangu wanapita langoni wakimwona dada yangu kachuchumaa na karai. Walipomwagiza bajia na kusema, hii ni ya dadake ticha Saadiya, nilihisi kama nimevuliwa buibui. Nikamwambia ataona ulimwengu, atarudi mtu. Nikamfundisha sentensi za Kiingereza za usaili, ya kupika, ya kufua, ya kulea. Kila Shangazi alipomaliza kumkanya akapanda boti kurudi Faza, mimi jioni nilikaa kitandani kwa Razan nikayafuta aliyoyasema, nikamwambia Shangazi ni mtu wa zamani, anaogopa hata lifti. Yeye mara tatu. Mimi kila siku.

Na bado sijamaliza. Mfungo Saba Razan alinipigia kwa simu ya siri, amejifungia chooni, akinong'ona. Alisema hawampi chakula mpaka wote washibe, kwamba mwanamke wa nyumba anampiga kwa waya, na kwamba kuna msichana wa Kiunga aliyetorokea ubalozini, anaweza kumwelekeza. Akaniuliza afanye nini. Sikuogopa kwa ajili yake. Nilifikiria nitawaambia nini watu akirudi baada ya miezi sita. Nikamwambia avumilie kidogo, mkataba ukivunjwa atafungwa, na kila mwanzo ni mgumu. Akasema, "Basi nitavumilia, dada, kama wewe umesema." Akaniandikia mara mbili baada ya hapo, nami nikamjibu vilevile. Alikufa siku ya ishirini na tatu tangu simu ile.

Simu yake ilirudi pamoja na nguo zake. Uliiulizia, nikakwambia haiwaki. Ilikuwa ikiwaka. Nilifuta niliyomwandikia. Aliyoniandikia yeye sikuweza, nikaificha simu ndani ya pipa la mchele, kisha juu ya dari, kisha nikawa natembea nayo.

Siku ya nane ya kumuuguza Shangazi, nikimbadilisha kitambaa cha mguu, nilishindwa. Nilimwambia yote kama nilivyokwambia wewe. Alinisikiliza macho yakiwa darini. Nilipomaliza akasema anajua. Mara ile ya tatu, alipompigia Razan magoti, Razan alimwinua akamwambia, Shangazi usinilaumu, Saadiya ndiye aliyesema niende, na Saadiya amesoma. Basi Shangazi alikuwa akijua kabla sijashika ile kalamu kituoni, na aliposikia sentensi ile mahakamani alidhani nimeiandika makusudi, nijiokoe. Alidhani nimemtoa yeye kwa ajili yangu, na akakubali.

Nilimuuliza kwa nini, huku nimeushika mguu wake ule unaonuka. Akasema, "Mmoja nimemzika. Nikikutaja wewe, Faiz atakuzika wa pili ungali hai. Mimi nishakuwa mtu mzima, mwanangu, waniache nende na lawama."

Nikamwambia haikuwa makusudi, lilikuwa neno tu, maneno mawili yanafanana. Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu nifike, akasema Mungu awalaani Waingereza na maneno yao. Kisha akalia, nami nikalia, na Bi Mwana akaja mlangoni akidhani amekata roho.

Siku nne baadaye akakata kweli. Alikuulizia mara nyingi. Kila boti iliposikika alimtuma Bi Mwana achungulie kama ni wewe. Asubuhi ya Jumatatu hakuuliza tena. Aliniambia nikufikishie maneno haya, nami nayafikisha kama yalivyo: kwamba radhi zake unazo, hajakukasirikia hata siku moja, na kwamba mwanamume anayempenda dadake kiasi kile hawezi kulaumiwa kwa hasira.

Siku ya tatu ya msiba, khitma ilipokwisha na wanawake wamejaa ukumbini kwa Bi Mwana, nilisimama nikasema. Nilisema yote, ila ya kucha za Razan. Wengi wao walikuwa wamekuja kwa ajili ya Bi Mwana tu, wakimhesabu marehemu kuwa muuzaji wa mtoto wake. Bi Mwana aliinuka, akaja nilipokuwa, akaniondolea kikombe cha kahawa mkononi, akaenda nacho jikoni. Nikapanda boti ya mchana kurudi Amu.

Alhamisi nilikwenda kituoni na maelezo mapya, nimeyaandika kwa Kiswahili. Bwana Ryan alisoma mara mbili. Aliniambia kesi imekwisha, mshtakiwa akifa kesi hufa naye, na maelezo ya kwanza hayawezi kutolewa kwenye faili. Atayaambatisha haya nyuma yake. Kwa hiyo yeyote atakayeifungua faili ile atakuta kwanza Shangazi amemshawishi Razan, na akiwa na subira ya kufika ukurasa wa mwisho ndipo atakapokuta alimkanya. Nikampa simu ya Razan. Akaniambia kwamba kuficha simu ni kosa, na kusaidia safari ile huenda likawa kosa jingine, na nisitoke Amu mpaka nitakapoitwa. Nimwombe nini zaidi? Nimeacha kazi shuleni kabla hawajaniacha.

Nilikwenda pia kwa Maalim Hamdu, yule aliyetusomesha juzuu. Nilimuuliza kama toba inatosha. Alisema toba yangu ni baina yangu na Mola wangu, lakini jina la mtu ni haki ya mtu, na mahali lilipochafuliwa ndipo linapooshwa. Faza nimelisema. Kituoni nimelisema. Limebaki lile kundi la familia, watu kumi na wanane, nami mlinitoa humo wiki iliyopita, sijui kwa sababu gani, labda kwa kukaa naye Faza. Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Zipige picha kurasa hizi, zote, na hii iliyomwagikiwa wino pia, uziweke pale pale ulipoiweka ile sentensi. Usinifichie neno.

Arubaini yake itasomwa Faza, mwezi wa Mfungo Nne, tarehe kumi na tisa. Kaburi liko upande wa kaskazini, la tatu kutoka ukutani, halijajengewa. Kama utakwenda, mimi sitakuwapo. Bwana Ryan amenizuia, na hata asingenizuia ningekuachia nafasi yangu.

Sikuombi unisamehe. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima wa kuomba nikauchoma asubuhi hii, niliona nimeanza tena kutafuta maneno matamu.

Aliya mpe salamu. Watoto wabusu vichwani, na ukipenda usiwaambie mabusu hayo yametoka kwa nani. Na jamaa wote wa huko wasalimie, kila atakayekubali kuipokea salamu yangu.

Wasalaam,
ni mimi dada yako wa kuzaliwa,
Saadiya